Mkaa, kuni, gesi au umeme: kipi kikupashie nyumba wakati wa kipupwe Nyanda za Juu Kusini?

Kati ya Juni na Agosti, ndoo ya maji iliyolala uani Kitulo au Matamba inaweza kuamka na ngozi ya barafu juu yake. Njombe mjini na Mafinga hawako mbali na hali hiyo. Uyole watu wanalala na makoti, na Iringa mjini mara nyingi upepo ndio unaouma kuliko baridi yenyewe. Nyumba zetu nyingi ni tofali na bati, dari ipo sebuleni tu au haipo kabisa, na chini ya mlango pana nafasi ya kupitisha vidole viwili. Ndiyo maana kipupwe kikiingia maswali huwa yaleyale: ninunue hita, niingize jiko la mkaa, gesi itatosha, au nijenge dohani kabisa?

Hapa tunazipima njia hizo nne kwa vigezo vilevile, kisha tunaongeza ya tano ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni njia.

Tunapima kwa nini

Cha kwanza ni hewa. Kila kinachoungua kinakula oksijeni na kutoa gesi. Je, gesi hiyo inatoka nje kupitia wapi? Kigezo hiki tunakiweka mbele ya bei kwa sababu moja: chumba kinachotunza joto vizuri ndicho kinachotunza sumu vizuri. Ukiziba kila upenyo halafu ukawasha moto usio na pa kutolea moshi, umejitengenezea mtego.

Cha pili ni gharama ya usiku mmoja. Tutahesabu kwa kilo na uniti, maana bei ya gunia la mkaa Makete si ile ya Kabwe, Mbeya mjini, na bei ya gesi hubadilika. Zidisha mwenyewe kwa bei ya kwako.

Kisha tunaangalia kama kinafanya kazi umeme ukikatika, kinataka kazi gani na huharibika wapi, na mwisho kinamfaa nani.

Kipimo chetu ni chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari, kinachopashwa kwa saa tatu, yaani kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku. Chumba cha namna hiyo kinahitaji joto la wati 1,500 hivi ili kitofautiane na nje kwa kiasi cha kuhisika. Kama hakina dari, hata maradufu huenda yasitoshe: hewa ya moto inapanda, inagusa bati, inapoa, na nyingine inatokea kwenye upenyo wa kenchi. Matone yanayodondoka kutoka kwenye bati alfajiri ni mvuke wa pumzi na wa mapishi uliogandia huko juu.

Kwa hiyo fedha ya kwanza, kama nyumba ni yako, iende kwenye dari, hata ya ubao mwembamba. Kama ni ya kupanga, weka pazia zito linalofika sakafuni, tambaa lililoviringishwa chini ya mlango, mkeka na kapeti juu ya saruji, na kitanda kisogezwe kama sentimita 10 kutoka ukuta wa nje. Zingatia: kuziba huku ni kwa chumba kisicho na moto unaowaka ndani. Na ukitaka kujua usiku gani utakuwa mkali, tazama anga jioni. Kukiwa kweupe bila wingu na upepo umetulia, ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja, na hewa nzito ya baridi inatiririka mabondeni. Nyumba za bondeni ndizo zinazoona sakitu, yaani umande ulioganda, kwanza.

Mkaa

*Hewa.* Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko njia zote, na tutakaa hapa kidogo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye mapafu inashikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili ukikosa hewa. Aliyelala haamki.

Watu wengi wanaamini mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, sumu nayo imeisha. Si kweli. Moshi ule wa mwanzo ni wa vipande visivyoiva na vya kuwashia. Kaboni monoksidi inaendelea kutoka wakati mkaa ni mwekundu, na hata ukifunikwa na majivu. Sufuria ya maji pembeni ya jiko haiinyonyi, chumvi haiiui, na kuacha dirisha wazi kwa upana wa kidole hakutoshi.

Kama mkaa ndio ulio nao, utumie hivi. Washia nje hadi ukolee. Uingize sebuleni tu, kamwe usiuingize chumba cha kulala, na uache nafasi mbili wazi pande zinazotazamana, kwa mfano dirisha upande huu na mlango upande ule, ili hewa ipite. Jiko likae juu ya tofali au sinia la mchanga, mbali na kapeti na pazia. Kabla ya mtu wa kwanza kusinzia, litolewe nje lote pamoja na majivu yake.

Dalili ya kutahadhari nayo ni hii: watu wawili au watatu waliokaa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, wanasikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hiyo msiiite malaria wala uchovu. Fungueni milango, mtoeni kila mtu nje, na aliyelegea au aliyezimia afikishwe hospitali haraka akapewe oksijeni, na mwambieni daktari wazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Kumnywesha maziwa hakusaidii, na aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa. Mjamzito apelekwe hata akisema amepata nafuu, kwa sababu mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama.

*Gharama.* Kilo moja ya mkaa mkavu ina nishati ya uniti 8 za umeme hivi. Jiko la kawaida lililojaa hubeba kilo moja hadi moja na nusu, na hukaa saa mbili hadi tatu. Kwenye karatasi ndiyo njia nafuu. Lakini ukiacha madirisha wazi inavyotakiwa, sehemu kubwa ya joto inaondoka nayo, na unachobaki nacho ni miguu yenye joto na mgongo wa baridi. Mkaa wa miti ya miwati, unaopatikana sana Njombe, ni mzito na unadumu. Wa paini ni mwepesi, unaisha upesi na hurusha cheche.

*Umeme ukikatika.* Hauna shida.

*Kazi na matatizo.* Kuwasha, kutoa, kumwaga majivu. Mkaa ulionyeshewa unavuta maji na unachelewa kukolea, kwa hiyo gunia likae juu ya mbao. Watoto kuungua ni jambo la kila msimu.

*Unamfaa* mwenye sebule kubwa yenye madirisha pande mbili, familia iliyo macho, na mtu mmoja aliyekabidhiwa rasmi kazi ya kulitoa jiko. Haumfai mwenye chumba kimoja, hata siku moja. Lakini upo utumizi wa mkaa ambao ni salama na hauhitaji kuingiza jiko ndani: uchemshie maji nje, ujaze chupa za chai na mipira ya maji ya moto (ile mifuko ya mpira ya kulala nayo), uingie navyo. Tutarudi huko.

Kuni zenye dohani

*Hewa.* Ikijengwa sawasawa, moshi na sumu vinapanda juu na kutoka. Kuna namna mbili. Meko ya ukutani iliyo wazi, kama zilizoko kwenye nyumba za zamani za misheni na za mashamba ya chai Mufindi, inapendeza macho lakini joto lake jingi linakwenda angani. Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango na bomba la moshi, linabakiza ndani zaidi ya nusu ya joto la kuni.

Kosa linaloua hapa ni kufunga kizuizi cha bomba, kile kibati cha kuzibia njia ya moshi, wakati makaa bado yana uhai, kwa nia ya kutunza joto usiku. Ukifanya hivyo umeligeuza jiko lenye dohani kuwa jiko la mkaa lililo ndani ya nyumba. Kizuizi kifungwe makaa yakiwa majivu kabisa.

*Gharama.* Ya kuanzia ni kubwa: jiko, bomba, fundi wa kuchomelea, na kutoboa bati. Baada ya hapo, mwenye shamba la miti analipa jasho tu. Jiko la chuma litatumia kilo 4 hadi 6 za kuni kavu kwa saa zetu tatu, na likishapata moto linapasha zaidi ya chumba kimoja.

Neno la msingi ni "kavu". Kuni mbichi zinaweza kuwa nusu ya uzito wake maji, na moto unatumia nguvu zake kuyachemsha hayo maji kabla ya kukupasha wewe. Milingoti (mikaratusi) na miwati ipasuliwe ikiwa bado mbichi, maana milingoti ikishakauka shoka linadunda. Kuni za Julai zikatwe Agosti au Septemba ya mwaka uliotangulia, zipangwe juu ya magogo sentimita 15 kutoka ardhini, chini ya paa lisilo na kuta ili upepo upite. Rungwe, ambako mvua haiishi upesi, paa hilo si anasa. Kuni iliyo tayari ina nyufa kwenye ncha, gome linabanduka, na ukigonga mbili zinalia kwa sauti kali.

*Umeme ukikatika.* Hauna shida, na jiko la chuma linakuchemshia chai juu yake.

*Kazi na matatizo.* Hapa fundi ndiye kila kitu, kwa hiyo mkague. Bomba liwe la inchi 6, la chuma cheusi cha milimita 2 hivi. Fundi akikuletea bomba la bati lililopakwa zinki, likatae kwa sehemu ya karibu na jiko, kwa sababu zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Kona zisizidi mbili. Ncha ya bomba ipite juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa angalau sentimita 60, ukiwemo mgongo wa paa. Bomba lisilo na ganda la pili likae mbali na kenchi na mbao za dari kwa sentimita 45. Nafasi hiyo isipopatikana, lazima sehemu inayopita darini iwe na ganda mbili. Moto wa kwanza wa jiko jipya uwashiwe nje, rangi iishe kunuka huko.

Moshi ukirudi ndani, sababu huwa moja kati ya hizi: bomba bado ni la baridi (choma gazeti moja karibu na mdomo wa bomba kwanza), chumba kimezibwa mno hakina hewa ya kulisha moto (fungua dirisha kidogo), au ncha ya bomba iko chini ya mgongo wa paa. Makambako na sehemu nyingine za upepo mkali, weka kofia juu ya bomba.

Masizi yasafishwe kabla ya Juni na tena katikati ya msimu. Ukikuta lami nyeusi inayong'aa ndani ya bomba, unachoma kuni mbichi, na lami hiyo ndiyo hushika moto ndani ya dohani. Ukisikia mngurumo mkubwa ndani ya bomba, funga njia ya hewa ya jiko, toa watu nje, piga 114 ya Zimamoto. Usimwage maji kwenye bomba la moto, litapasuka. Majivu nayo yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje. Kaa lililozikwa kwenye majivu huishi hadi kesho yake.

*Inamfaa* mwenye nyumba yake ya kudumu Makete, Njombe au Mufindi, hasa mwenye miti. Mpangaji hana sababu ya kutoboa bati la mtu.

Gesi

*Hewa.* Gesi ya mitungi ikiungua vizuri, kwa moto wa bluu, hutoa kaboni monoksidi kidogo sana. Moto ukiwa wa njano na unaacha masizi, ukae ukijua kuna tatizo: tundu zimeziba kwa vumbi au hewa haitoshi. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea nje inahitaji matundu mawili ya kudumu ukutani, moja chini na moja juu, kila moja si chini ya sentimita 10 kwa 10. La chini lina kazi ya ziada: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda sakafuni.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni unyevu. Kila kilo ya gesi inayoungua inazaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kwa umbo la mvuke. Kwenye chumba chenye kuta za baridi, mvuke huo unagandia ukutani na nyuma ya kabati, na baada ya mwezi una ukungu mweusi.

*Gharama.* Hita ya kabati, ile inayobeba mtungi ndani yake, yenye sahani tatu za kuwaka hutumia gramu 300 kwa saa zikiwaka zote, na sahani moja kama gramu 100. Kwa sahani moja saa tatu, mtungi wa kilo 15 unakupa usiku 50 kama hauupikii. Kwa sahani zote tatu ni usiku 16 tu. Sahani moja ni wati 1,400 hivi, kwa hiyo chumba chetu cha mfano kinatosheka nayo.

*Umeme ukikatika.* Inawaka.

*Kazi na matatizo.* Kwenye baridi kali mtungi unajifanya umeisha. Ndani yake gesi iko katika hali ya kimiminika, na inapogeuka kuwa mvuke inanyonya joto la mtungi wenyewe. Butani, mojawapo ya gesi za mtungi, inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, na mtungi mdogo ukivutwa kwa nguvu unaweza kuota umande hata sakitu kwa nje. Moto unafifia, ukitikisa unasikia gesi imo. Dawa yake ni kupunguza sahani, kutumia mtungi mkubwa zaidi, au kuuacha chumbani upate joto la kawaida. Usiuweke karibu na moto, wala kuumwagia maji yanayochemka.

Hita nyingine zina kihisi kinachozima moto oksijeni ikipungua. Ni kitu kizuri, ila ukiwa juu ya mita 2,000 hewa yenyewe ni nyepesi, na kihisi kinaweza kuzima mara kwa mara bila kosa la mtu. Makete hilo linaweza kukukuta. Usikubali fundi akikifunga waya ili kisizime.

Viungo vya mpira na regyuleta vipimwe kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Mpira uliopasuka ngozi, badilisha. Na jiko la kupikia la gesi si hita: kuliacha likiwaka huku umefunikia tofali au sufuria tupu ni kutafuta balaa.

*Inamfaa* mwenye sebule yenye matundu ya hewa, anayehitaji joto la haraka la saa moja au mbili, mahali ambapo umeme hauaminiki. Mwenye pumu ajihadhari kwa sababu ya unyevu na hewa nzito. Chumba cha kulala, hapana.

Umeme

*Hewa.* Hapa hakuna kinachoungua. Ndiyo hita pekee unayoweza kufunga nayo dirisha.

*Gharama.* Wati 1,500 kwa saa tatu ni uniti 4.5. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, ambaye uniti imekuwa ikimgharimu shilingi 350 na kitu pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 1,600 kwa usiku, na kwa mwezi karibu 48,000. Hita yenye kidhibiti joto hujizima na kujiwasha, kwa hiyo chumba kilichozibwa vizuri kitatumia pungufu ya hapo.

Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa mwezi, apige hesabu mapema. Hita hiyo peke yake inamaliza 75 ndani ya siku 17, kabla ya taa, pasi na friji, na akizidisha anakatwa bei ya juu.

Usidanganywe na "hita inayookoa umeme". Uniti moja inatoa joto lilelile iwe ya feni, ya mafuta au ya taa nyekundu. Tofauti ni namna joto linavyokufikia. Ya feni inapasha hewa upesi na ikizimwa joto linakwisha upesi. Ya mafuta, ile ya umeme yenye mapezi na mafuta yaliyofungiwa ndani yasiyoungua, inachelewa kupata moto lakini hubaki na joto muda baada ya kuzimwa, haina kelele, na inafaa zaidi kulala nayo. Ya taa nyekundu inapasha aliyeketi mbele yake badala ya hewa, kwa hiyo kwa chumba kisicho na dari ndiyo yenye akili zaidi, ila kitambaa kikiisogelea kinaungua.

*Umeme ukikatika.* Ndiyo mwisho wa habari. Betri ya sola ya kawaida haiwezi kuendesha hita.

*Kazi na matatizo.* Hita ya wati 2,000 inavuta ampea karibu 9. Ekstensheni nyembamba za dukani hazikuundwa kwa mzigo huo. Waya unapata moto, plastiki inalainika, na moto unaanzia chini ya kapeti mahali ambapo hakuna anayeuona. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Baada ya nusu saa, gusa plagi: vuguvugu ni sawa, ikikuunguza zima na mwite fundi umeme, soketi imelegea ndani.

Ukikaa mwisho wa laini, utaona hita "haina nguvu". Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, joto linapungua hadi kama asilimia 60, kwa sababu nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Si ubovu wa hita, na kununua kubwa zaidi kutaishusha laini zaidi, kwako na kwa jirani.

Umeme ukikatika hita ikiwa imewashwa, ichomoe. Usiku wa manane ukirudi, na mtu alianikia soksi juu yake gizani, hakuna atakayekuwa macho.

*Inamfaa* mwenye mtoto mchanga, mgonjwa wa kifua au mzee, mwenye chumba kidogo kilichozibwa, na mwenye nyaya zilizofungwa na fundi anayejua kazi.

Kupasha mtu badala ya chumba

*Hewa.* Salama kabisa, na madirisha unayaachia unavyotaka.

*Gharama.* Blanketi la umeme hutumia wati 60 hadi 120. Usiku mzima wa saa nane kwa wati 100 ni uniti 0.8, chini ya moja ya tano ya hita ya saa tatu tu. Mpira wa maji ya moto unagharimu lita mbili za maji.

*Umeme ukikatika.* Mpira hauna habari. Blanketi, tofauti na hita, linaweza kuendeshwa na sola: betri nzuri ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu, inakupa saa tano hivi.

*Kazi na matatizo.* Mpira ujazwe theluthi mbili, maji yakiwa yamepumua dakika chache baada ya kuchemka, hewa ikamuliwe kabla ya kufunga kizibo, kisha uviringwe kwenye taulo. Mpira wenye nyufa shingoni utapasukia kitandani, kwa hiyo ukague kila mwanzo wa msimu. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni, na mzee anayelala fofofo, wanaweza kuungua bila kujua. Kwao utumike kupasha shuka, kisha utolewe. Blanketi la umeme lisikunjwe, lisipigwe pini, na lisitumike kwa mtoto mchanga wala kwa anayekojoa kitandani.

Kinga ya chini nayo inahesabika. Godoro linalogusa saruji linapoteza joto kwa chini, hata ujifunike mablanketi matatu juu. Inua kitanda, au tandika mkeka na blanketi moja *chini* ya shuka.

*Inamfaa* karibu kila mtu kama msingi wa kuanzia. Kasoro yake ni kwamba chumba chenyewe kinabaki baridi: kuamka kwenda chooni saa kumi usiku ni adhabu, na anayefanya kazi mezani hadi usiku haimsaidii sana.

Kulingana na hali yako

Mpangaji wa chumba kimoja, mwanafunzi wa Iyunga kwa mfano: mpira wa maji ya moto na kuziba mlango kwanza. Ukiwa na umeme wa uhakika na waya mzuri, blanketi la umeme. Hita ya taa nyekundu kwa saa ya kusoma. Mkaa na gesi viishie nje kwa kupikia.

Mwenye mtoto mchanga: hita ya mafuta yenye kidhibiti joto, umbali wa mita moja kutoka kitandani. Umeme ukikatika, ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama au baba chini ya blanketi, na kofia kichwani kwa mtoto. Mpira wa moto usilale naye.

Mahali ambapo umeme hukatika usiku mara kwa mara na huna miti: gesi sebuleni jioni, izimwe, hewa ibadilishwe kwa dakika kumi, kisha mipira ya maji ya moto vitandani.

Nyumba yako mwenyewe Makete au nyanda za Njombe, na unatarajia kukaa: anza na dari, halafu jiko la chuma lenye bomba. Ukiwa na fedha ya kimoja tu mwaka huu, dari ndiyo itangulie, kwa sababu jiko chini ya bati tupu linapasha anga.

Nyumba inayolazimika kuchoma chochote ndani, iwe kuni au gesi, ikipata kifaa cha kugundua kaboni monoksidi ni vyema. Kifungwe ukutani usawa wa kichwa cha aliyelala, kijaribiwe kila mwezi kwa kitufe chake, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma iheshimiwe, maana kihisi huchakaa hata kama taa bado inawaka.

Mwenye nyumba ya wageni: usimpe mgeni jiko la mkaa hata akiliomba, na bandika katazo hilo mlangoni. Weka hita ndogo zenye kidhibiti joto, moja kwa soketi moja, na mwambie fundi umeme kabla ya Juni vyumba vingapi vitawashwa kwa pamoja. Vyumba kumi vyenye hita za wati 1,500 ni zaidi ya ampea 65, na laini ya nyumba ya kawaida haibebi mzigo huo. Kama haiwezi kubeba, blanketi la umeme kila chumba ni ampea zisizozidi 6 kwa vyumba vyote kumi.